Wa Kwanza Kushuka

Je, umewahi kukaa nyuma ya wenzako mpaka wakadhani unapapenda huko?

Ragnfrid alikaa nyuma miaka tisa, tangu goti lake lishonwe. Kila Pasaka marafiki zake wawili walimpasulia njia kwenye theluji, naye akafuata.

Leo kapasua yeye, kutoka ufukweni mpaka kileleni, na desturi yao ni kwamba aliyepasua njia ndiye hushuka kwanza.

Alibandua polepole vitambaa vya manyoya vya kupandia mlima, vinavyozuia kurudi nyuma, chini ya skii zake, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, gundi ikivutika kama plasta inayotoka kidondani. Jua lilikuwa limelainisha theluji ya juu, kina cha kidole kimoja tu. Mteremko mzima ulikuwa haujaguswa.

“Bibi wa goti, umekula nini leo?” rafiki mmoja alimtania, akimenya chungwa. “Umetuhemesha kama mbwa.”

“Wewe pumzika, shoga yangu,” akasema wa pili, akikaza viatu. “Ngoja nitangulie nikupimie theluji, kama siku zote.”

Ragnfrid alikuwa keshafungua mdomo kusema, “Haya, tangulia.” Akaufumba. Akasogeza ncha za skii mpaka ukingoni, mbele yao wote.

“Hapana,” akasema. “Leo nataka kutangulia mimi.”