Tafsiri, Usieleze

"Mwambie ageuke, aitazame mahakama," alisema hakimu Masunga.

Lea hakugeuka. Alisimama akielekea ukutani, khanga imemfunika hadi usoni. Mumewe, Anania, alishtakiwa kwa kuchoma ghala la kijiji chao cha ujamaa huko Rungwe. Shahidi wake pekee ndiye huyu mkewe, asiyejua Kiswahili.

Mkalimani wa mahakama alikuwa mgonjwa. Mzee Asajile, aliyekuja Mbeya kusikiliza kesi hiyo, alijitolea kutafsiri Kinyakyusa. Masunga, mtu wa Shinyanga, alimwuliza kwanza kama ana udugu na shahidi.

"Hatuna damu moja, mheshimiwa."

"Vema. Basi tafsiri, usieleze. Wakalimani wengi wanapenda kueleza."

Lea alisema kwa sauti ndogo.

"Anasema mumewe alikuwa amelala," alitafsiri mzee. "Yeye alitoka nje, akamwona aliyetia moto. Anamjua."

"Amtaje."

Lea alijibu kwa maneno machache.

"Anasema hawezi kumtaja."

"Hana jina? Au ni jini?" alidakia mwendesha mashtaka, na watu wakacheka. Anania aliinua kichwa ghafla, akamtazama mzee Asajile, akainama tena. Masunga akaona hatia usoni mwake.

"Hawezi, au hataki?"

"Neno lake ni hawezi."

"Anaogopa?"

"Hakusema anaogopa, mheshimiwa. Nikiongeza hapo nitakuwa naeleza."

Uangalifu huo ulimpendeza Masunga. Alishika kalamu, akayapima maneno: hakuweza, hakutaka, alikataa. Alimpa Lea nafasi nyingine, kisha nyingine. Mwishowe aliandika kwamba shahidi amekataa. Anania akafungwa miaka saba.

Mchana Masunga alisimama barazani na Liberatus, karani aliyekulia Tukuyu, ambaye asubuhi yote alikuwa masjala. Barabarani Lea alikuwa akienda zake peke yake. Mzee Asajile akatokea mbele yake, akitoka kunywa chai. Lea akaruka mtaro, akachuchumaa nyuma ya mkaratusi, kichwa ndani ya khanga, mpaka mzee akapita.

"Ana chuki gani na mzee wa watu?" aliuliza Masunga.

"Chuki? Hiyo ni heshima, bwana hakimu!" Liberatus alicheka. "Kwa mila ya Kinyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala na mdogo wake baba mkwe. Hata jina lake hawezi kulitaja."