Mlango Unaosikia Kikohozi

Kijijini kwetu, ukikohoa, mlango wa nyumba yako haufunguki. Ndiyo sheria ya sisi tunaoishi ukingoni mwa msitu: mafua yetu huwaua sokwe, kwa hiyo mwenye mafua hukaa ndani mpaka apone. Sheria nzuri. Sokwe wamezaana hadi wanakuja nyuma ya jiko langu kudokoa makapi ya chikichi.

Jumatatu nilikohoa mara mbili tu, mlango ukagoma. Chikichi zangu zilikuwa zinachemka uani, na mimi si mtu wa kuacha mawese yaungue. Nikapitia dirishani.

“Mama Nyabenda, sheria!” mume wangu, Bukuru, akaniita.

“Vumbi tu hili,” nikamjibu. Nikakamua mawese, makapi nikayamwaga palepale nyuma ya jiko. Siku ya pili yake nilikuwa mzima kabisa.

Leo, Ijumaa, mlango umegoma tena.

“Umekohoa?” Bukuru akauliza.

“Sijakohoa. Wewe?”

“Wala mimi.”

Tukatega masikio, ndipo tukakisikia: kikohozi chembamba, kama cha mtoto, nyuma ya jiko, upande ambao hatuna jirani.

“Vumbi hilo,” nikasema.

Bukuru akaenda kulifunga dirisha nililopitia Jumatatu.