Ini la Bunju

Bi Zamzam alikuja kuomba moto, akaiona ngozi ya samaki jalalani: ndogo, ya madoa, imejaa miba mifupi. Moto akausahau.

"Nyangeta, bunju kakupa nani?"

"Magesa kamwokota ufukweni, maji yalipokupwa." Nyangeta alicheka. Yeye na mumewe walikuwa wamehamia kutoka ziwani mwezi uliopita tu. "Alikuwa kafura tumbo, macho kayatoa, utadhani mama mkwe kanuna."

Bi Zamzam hakucheka. "Hapa tunamwita bunju, wengine totovu. Jina si kitu. Ini umelitupa wapi?"

"Nilitupe? Kwetu ini la samaki ni heshima ya mume. Nimemkaangia peke yake, mimi nimekula ugali na mchicha."

"Kalimaliza?"

Kabla Nyangeta hajajibu, Magesa aliita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye tonge mdomoni.

"Mke wangu, leo pilipili umezidisha. Midomo siisikii kabisa."

Nyangeta aligeuka akatazama kikapu cha jikoni. Pilipili zote zilikuwamo, bado zimefungwa kwenye mfuko wa sokoni.