Umri wa Tunu

"Mtoto hahesabiwi muda mpaka atimize miaka kumi na minane," karani wa mahakama alieleza. "Kuanzia hapo ana miaka mitatu ya kumshtaki mwenye mashine. Binti yako ana mingapi?"

Bi Mwanahawa alibabaika. Tunu, aliyekatwa vidole viwili na mashine ya kukoboa mpunga akiwa darasa la pili, alikuwa amekaa kando yake. Cheti cha kuzaliwa kilisema ana miaka ishirini, kwa hiyo kesi bado ingepokelewa. Lakini alipokwenda kukikata cheti hicho, Bi Mwanahawa alimpunguzia mtoto miaka miwili ili shule isimkatae kwa ukubwa. Kwa umri wake hasa, muda ulikuwa umeshapita.

"Ishirini," alisema, kisha akasita. "Au... ngoja kwanza, karani."

"Utaapa mbele ya hakimu, mama," karani alisema kwa upole, akimsogezea fomu.

Bi Mwanahawa alishika kalamu. Kweli yenyewe ndiyo ingemnyima mwanawe haki.

Tunu alimgeukia. "Mama, kwani mimi nilizaliwa lini?"

Bi Mwanahawa alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka walikutana wapi.