Jogoo Asiye na Kola

"Mvalishe jogoo wako kola, Mama Hemedi, au nabonyeza!"

Alfajiri ile Bwana Shekivuli wa chumba cha pili alikuwa mlangoni kwangu, kidole juu ya kitufe cha ukutani.

"Bonyeza, basi!"

Majogoo wote wa mtaa huvaa kola inayomeza sauti hadi saa mbili asubuhi. Wangu nilimvua. Mama yangu haoni, na asiposikia jogoo haamini kwamba kumekucha. Alishalala siku mbili bila kula. Jirani akibonyeza, jogoo anachukuliwa. Dakika tano zikipita tangu awike bila kitufe kubonyezwa, jogoo anabaki, ila aliyesikia akakaa kimya huandikwa mkosaji.

"Sina ubaya na mama," alisema. "Naogopa sheria."

"Haya. Lakini kwanza, ni kweli mtalaka wako kaolewa na yule fundi wa mapazia?"

"Nani kakwambia?" Kidole kikashuka. "Fundi gani! Hata kutunga uzi kwenye sindano hajui!"

Nikamchokoza, akamwaga yote: harusi, sare, mpaka waliokosa biriani.

Taa ya kitufe ikawaka nyekundu. Kipaza sauti cha mtaa kikatangaza jina lake, taratibu, mara mbili.

Akanikodolea macho. "Umefanya kusudi."

"Kusudi kabisa! Jina langu limo kwenye orodha ya wakosaji tangu mfungo mosi, na bado napumua."

Kule chini madirisha yalikuwa yakifungwa, moja baada ya jingine. Ndani, Mama aliuliza nani yuko mlangoni.

"Mgeni wetu, Mama," nikajibu, nikamshika Bwana Shekivuli mkono. "Pita, jirani. Mihogo ya nazi imeiva."