Mutumia wa Nuu

Padre alikwisha kuliandika neno ambalo ajuza alimwitia mtu aliyemwokoa na njaa, kabla Jonah hajafungua mdomo.

"Mutumia," alirudia, akilipigia mstari. "Hilo halihitaji mkalimani, katekista. Hata kwa Kikuyu chetu cha Murang'a mutumia ni mwanamke. Endelea, shosho."

Kwa Kikamba, mutumia ni mzee, mwanamume mwenye mvi anayeketi na wenzake kuamua kesi za kijiji. Ilitosha Jonah aseme hivyo. Badala yake alimwambia shahidi aendelee.

Syombua, ajuza kipofu asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, aligeuza uso upande wa mkalimani. "Mwambie huku kwetu bibi ni susu. Shosho wake alimwacha kwao. Tena mimi si wa kanisa lake, asije akanimwagia maji."

Jonah akatafsiri. Padre alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Hakuwa amecheka tangu afike misheni ya Kabati wiki mbili zilizopita. Alikuwa ametumwa na askofu kukusanya ushahidi juu ya marehemu Sista Imakulata, mtawa aliyewauguza na kuwalisha maskini wa Kitui kwa miaka arobaini. Watu walitaka atangazwe mtakatifu. Mashahidi kumi na wanane walikuwa wamesema Sista alikuwa mwema, na Padre akachoka na wema. Alitaka mtu aliyeokolewa kutoka kifoni. Syombua, aliyeletwa na mjukuu wake kutoka kijiji cha Nuu, alikuwa wa mwisho.

Na Jonah alimpenda Sista. Miaka kumi iliyopita alifika Kabati mikono mitupu, ndevu zimemjaa na hajui kusoma. Sista, akitembelea magongo, ndiye aliyempokea, akamfundisha herufi, akamfanya katekista. Ndiyo maana Jonah alijua jambo ambalo Padre hakulijua: mwaka huo wa ukame, ambao Syombua alinusurika kufa kwa njaa, Sista alilala kitandani miezi minne, nyonga imevunjika. Nuu asingefika hata kwa kubebwa. Neno moja la Jonah, na ushahidi wote huu ungeanguka, na mtakatifu wao pamoja nao.

"Muulize alikuja mara ngapi."

"Kila baada ya siku mbili, kabla jua halijatoka," alisema Syombua. "Mimi nimelala chini nangoja kufa. Anasukuma mlango, anawasha moto, anakoroga uji, ananinywesha kwa mkono wake. Mtoto niliyemzaa hakunifanyia hivyo."

Jonah alitafsiri neno kwa neno. Kalamu ya Padre ilikimbia.

"Alikuwa akimwambia nini?"

"Aliniomba nisimtaje kwa mtu. Unga ule alikuwa akiuchota kwenye chungu cha nyumbani kwake. Alisema wanawe wakijua watamzuia, maana nao wana njaa."

Jonah alitafsiri sentensi ya kwanza tu. "Anasema aliomba asitajwe."

"Basi? Mbona yeye kasema maneno mengi?"

"Wazee hurudiarudia, Padre."

"Unyenyekevu," Padre alinong'ona, akaandika. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

Syombua aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mvua. "Wewe kijana, Kikamba chako ni cha kwetu. Wewe ni wa wapi?"

"Ni wa hapahapa Kabati, susu."

"Hapahapa," alisema ajuza. "Haya."

Tangu mwaka ule wa ukame Jonah hakuwa amekanyaga Nuu, hata kwa mazishi.

"Na mwisho wake ulikuwaje?" Padre aliuliza.

Safari hii Syombua hakuharakisha. "Asubuhi moja nilisikia kelele mlangoni, vijana wengi. Njaa ilikuwa imewavuruga akili. Ng'ombe wakifa, ni mchawi. Mtu akitembea kabla ya jogoo, ni mchawi. Baadaye waliingia wakaniambia nishukuru, wameniokoa. Nikawashukuru. Nilingoja uji siku mbili, nikangoja nne, ndipo nikaelewa."

"Amesema nini?"

"Kwamba siku moja aliacha kuja, Padre. Hajui kwa nini."

Padre alitikisa kichwa kwa huzuni. "Labda mama mkuu wa shirika alimkataza. Watakatifu huteswa hata na watu wa nyumbani mwao." Alifunga daftari, akafunika kalamu. "Mwambie asante. Ushahidi huu nitaupeleka kwa askofu kesho."

Jonah alinyanyuka, akamshika ajuza kiwiko ili amsimamishe. Syombua hakusimama. Aliishika meza kwa mikono miwili.

"Sijamaliza," alisema kwa Kikamba. "Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Kabla hawajaanza kumpiga, yule mutumia alimtambua mmoja wao kwa sauti yake, akamwita. Alisema, 'Jonah, mwanangu, usipige. Ni mimi, baba yako.'"

Padre hakujua Kikamba, lakini jina ni jina. Alifunua tena kalamu yake.

"Jonah," aliuliza, "mbona bibi amekutaja?"