Fyuzi ya Tata Kalonji

Moshi ulipotoka chini ya usukani, Tata Kalonji alikubali yaishe. Siku chache kabla, fyuzi ya tundu la kuchajia simu iliungua, na fundi wa sokoni akamwekea kipande cha waya mahali pake, maana Kolwezi, mji wa migodi, shaba haikosekani. Sasa gari zima lilinuka. Mtaa mzima wa Musonoi alibaki fundi mmoja wa umeme wa magari wa kuaminika: Séraphin, kijana yule yule ambaye mzee alimnyima binti yake kwa sababu hana beji ya mgodini, yaani hana ajira huko.

Séraphin alikuwa anamngoja. Blandine, binti huyo, alikuwa ameapa juu ya Biblia kwamba hatampigia simu wala kuonana naye mpaka baba akubali, na Blandine havunji kiapo. Lakini kiapo hakikutaja barua. "Nitatia karatasi ya chingamu kwenye tundu la gari," alimwandikia. "Fyuzi itaungua, atafika kwako. Mengine ni kazi yako."

"Weka fizibli ya trente, tumalize," mzee alisema bila salamu Jumatatu hiyo, akitaka fyuzi ya ampea thelathini.

"Hapana, tata. Hapa ni ya quinze, kumi na tano tu. Ukiweka ya trente, ba fil, nyaya zenyewe, itaungua kwanza, mbele ya fizibli. Tutafute kwanza kwa nini inakatika."

Alitoa waya wa shaba, akamulika ndani ya tundu, akavuta kwa kijiti karatasi inayong'aa. Akaweka fyuzi mpya, simu ikaanza kuchaji. Mzee aliondoka amenuna.

Jumatatu iliyofuata akarudi, fyuzi imeungua. Safari hii kilichotoka ni karatasi ya vidonge vya presha. Séraphin alicheka kimoyomoyo: msichana huyu anaokota chochote nyumbani, hata dawa za baba yake. Mzee aliuliza kitu chembamba hivyo kinalindaje gari zima, akaketi kusikiliza jibu.

Jumatatu ya tatu alikuja na chupa ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, wanywe pamoja. Ya nne, alishika mwenyewe taa ya kupimia umeme, akasimulia miaka yake thelathini ya mgodini, wakacheka hadi wateja wakalalamika. Séraphin alimpenda mzee huyu kweli, na hofu ikamzidi. Akikataliwa sasa, atapoteza watu wawili.

Jumatatu ya tano, fyuzi ilishabadilishwa lakini Tata Kalonji hakuinuka kwenye kiti.

"Ambia bazazi bako bakuje samedi," alisema akitazama barabara. "Beji haitengenezake mutokari."

Wazazi waje Jumamosi, kuposa! Séraphin alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili yenye mafuta. Gari lilipokata kona tu, alipiga namba aliyokuwa ameiogopa mwezi mzima.

"Blandine, tata amekubali. Sasa acha kutia makaratasi, nakuomba. Mara tano inatosha."

Blandine alishangaa.

"Mara tano? Mi nilitia mara moja tu."